Tinian na Pagan: sauti moja, visiwa viwili, majibu mawili

Tinian ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 101 hivi, katika Pasifiki ya magharibi. Ni kimojawapo cha Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, vilivyo chini ya Marekani, na ni jirani na kisiwa kikuu, Saipan. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,044. Wengi wao wanaishi San Jose, kijiji kilicho kusini karibu na bandari. Ukitoka kijijini kwenda kaskazini unashika barabara iitwayo Broadway. Jina hilo liliachwa na askari wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maana umbo la kisiwa liliwakumbusha Manhattan. Pembeni kuna ng'ombe malishoni na vichaka vya lusina, mti uleule tunaoupanda huku kwetu kwa ajili ya mifugo. Wao huuita tangantangan. Hufiki mbali kabla hujaingia kwenye ardhi iliyopangishwa kwa jeshi la Marekani. Ardhi hiyo ni theluthi mbili ya kisiwa.

Machi 2013 kikosi cha Marine, askari wa Marekani wanaoshuka kutoka baharini kupigana nchi kavu, kilitangaza nia ya kujenga viwanja vya mazoezi ya risasi za moto hapo Tinian na kwenye kisiwa kingine cha kaskazini, Pagan. Rasimu ya tathmini ya athari kwa mazingira ikatoka Aprili 2015. Miaka kumi baadaye, rasimu iliyorekebishwa ilipotoka Juni 2025, Pagan ilikuwa imeondolewa kabisa. Tinian ilibaki, mpango ukiwa umepunguzwa. Waliopinga walikuwa watu walewale, kwenye mikutano ileile, kwa hoja zinazofanana. Kwa nini basi walijibiwa tofauti? Nimeufuatilia mgogoro huu kwa muda, na kila ninapoupitia narudi kwenye karatasi moja iliyotiwa saini mwaka 1975. Nitaifikia, lakini kwanza tuone kilichokuwa mezani.

Kilichoombwa mwaka 2015

Kwa Tinian, rasimu ya kwanza ilitaka viwanja vya kulenga shabaha kwa bunduki, mizinga, makombora na mabomu ya kutupa kwa mkono. Risasi za moto zingelia wiki 20 kwa mwaka. Kwa Pagan ombi lilikuwa kubwa zaidi: kisiwa kizima kiwe uwanja wa mazoezi, wiki 16 kwa mwaka, ndege zikidondosha mabomu na meli zikipiga kutoka baharini.

Tinian kulikuwa pia na suala la ufukwe wa Unai Chulu. Neno unai kwa Kichamorro, lugha ya wenyeji wa visiwa hivi, ni mchanga, na majina ya fukwe zao huanza nalo. Mpango ulikuwa kuchimba matumbawe yaliyo mbele ya ufukwe huo ili magari ya kivita yanayoelea yapate njia ya kupanda nchi kavu. Unai Chulu na mwenzake mdogo Unai Babui ndipo Marine waliposhuka tarehe 24 Julai 1944 kuwapiga Wajapani. Unai Babui una upana wa meta 55 hivi, mahali ambapo hata madau machache yakipaki pamoja yanabanana. Siku tisa za mapigano kisiwa kikatekwa, kikageuzwa uwanja mkubwa wa ndege. Kutoka North Field, kaskazini mwa kisiwa, ndege Enola Gay iliruka tarehe 6 Agosti 1945 kwenda Hiroshima, na tarehe 9 Bockscar ikaelekea Nagasaki. Mashimo yaliyotumika kupakia mabomu hayo mawili ya atomiki ndegeni yapo mpaka leo, na watalii huyatembelea. Mtu wa Tinian akisema kisiwa chake kimeshatoa sehemu yake kwa vita vya wengine, ana ushahidi wa kuonyesha kwa kidole.

Kuna pilipili moja pale iitwayo donne' sali. Ni ndogo, kali, inaota yenyewe porini. Sisi tungeiita pilipili kichaa. Sali ni ndege, aina ya kwezi, ambaye hula matunda yake na kuziangusha mbegu popote anapotua, na ndiye mkulima wa pilipili hiyo. Msimu ukifika familia huingia vichakani na ndoo kuchuma, na kila Februari kisiwa kina sherehe ya pilipili inayoita wageni kutoka Saipan na Guam, kisiwa jirani cha kusini ambacho nacho ni cha Marekani. Sasa chora mistari kwenye ramani: hapa uwanja wa shabaha, hapa ukanda wa usalama, hapa pamefungwa mazoezi yakiendelea. Ndege hasomi ramani, na pilipili itaota ilipoangushwa. Mchumaji ndiye atakayefika kizuizini akaambiwa arudi. Hasara ya aina hii haiingii vizuri kwenye jedwali la uchumi, kwa sababu sehemu kubwa ya pilipili hailipiwi. Inachumwa, inasagwa, inapelekewa shangazi aliyehamia Saipan.

Pagan ina historia nyingine. Ni kisiwa cha volkano, kilomita 320 hivi kaskazini ya Saipan. Tarehe 15 Mei 1981 mlima ulilipuka, na wakazi waliokuwapo, watu hamsini na kitu, wakahamishiwa Saipan. Tangu hapo hakuna kijiji. Ndiyo maana kwenye lugha ya mipango Pagan ilikuwa kisiwa kisichokaliwa. Lakini walioondolewa na watoto wao hawakuwahi kusema wamehama. Wana eneo lao la utawala, Visiwa vya Kaskazini, lenye meya wake ambaye ofisi yake iko Saipan. Wana jina lao la asili kwa visiwa hivyo, Gani. Pagan kuna popo mkubwa anayeitwa fanihi, kuna ayuyu, yule kaa apandaye minazi ambaye hata Chumbe ya Zanzibar anapatikana, na kuna mabaki ya latte, nguzo za mawe zenye kichwa cha jiwe juu, misingi ya nyumba za Wachamorro wa kale. Tofauti ya kisiwa kisichokaliwa na kisiwa ambacho watu wake wamezuiwa na moto wa mlima ni kubwa, na nadhani kosa la kwanza la mpango ule lilikuwa kuichukulia kama haipo.

Walivyosema

Utaratibu wenyewe unatokana na sheria ya Marekani ya sera ya mazingira iliyoanza kutumika mwaka 1970. Serikali ikitaka kufanya jambo kubwa lenye athari, iandike rasimu, iwape watu muda wa kusoma, iitishe mikutano, ipokee maoni, iyajibu, kisha iamue. Sheria hiyo inamlazimisha mwenye mradi afikirie. Haimlazimishi aache. Ni vizuri msomaji akalishika hilo mapema, maana wengi waliosimama kwenye mikutano ile walidhani wanapiga kura.

Walisimama wengi hata hivyo. Maoni yaliyoandikwa yalifika maelfu kwa maelfu, kutoka visiwa vyenye watu wasiozidi wa mji mmoja wa wilaya. Muda wa kutoa maoni uliongezwa mpaka Oktoba 2015. Agosti ya mwaka huo kimbunga Soudelor kiliipiga Saipan na kuacha watu bila umeme na maji, na ni vigumu kusoma kitabu cha tathmini paa likiwa limeng'oka. Gavana wa wakati huo, Eloy Inos, alipinga mpango huo waziwazi mpaka alipofariki Desemba mwaka uleule. Serikali ya visiwa ilileta wataalamu wake wakaipitia rasimu sura kwa sura.

Nikiyapima yaliyosemwa, naona maoni yenye nguvu kuliko yote yalikuwa yale ya mtu anayejua mahali. Mvuvi anayeeleza ni miezi ipi upepo unamruhusu kwenda upande wa kaskazini, na kwamba wiki 20 za kufungwa zikiangukia miezi hiyo, mwaka wake umekwisha. Mfugaji anayeonyesha malisho yake yako wapi, maana sehemu ya ardhi ya jeshi ilikuwa imerudishwa kwa serikali ya visiwa kwa kilimo na mifugo. Mtu anayeuliza kuhusu maji: kisiwa ni cha chokaa, mawe yake yana matundu, mvua inapenya moja kwa moja hadi kwenye maji matamu yanayovutwa kwa pampu kwenda San Jose. Risasi ina madini ya risasi ndani yake. Mabaki yake yataishia wapi baada ya miaka thelathini? Swali la namna hii mtaalamu wa jeshi hawezi kulijibu kwa kusema asante kwa maoni yako. Lazima akapime.

Na walikuwa na mfano mbele ya macho. Kisiwa kidogo cha Farallon de Medinilla, kaskazini ya Saipan, kimekuwa kikipigwa mabomu ya mazoezi tangu miaka ya 1970. Hakuna aendaye kuvua karibu nacho bila kuangalia matangazo ya hatari. Waliposikia Pagan itapigwa na ndege na meli, wenyeji hawakuhitaji kufikiria itakuwaje.

Nisipotaja waliounga mkono nitakuwa nimemdanganya msomaji. Tinian ilikuwa na hoteli kubwa yenye kasino, Dynasty, iliyofunguliwa 1998 na kufungwa katikati ya muongo uliopita. Ilipofungwa kazi zikaondoka nayo. Sensa ya 2010 ilikuta watu 3,136. Ya 2020 ikakuta wamebaki theluthi mbili tu ya hao. Katikati kimbunga Yutu cha Oktoba 2018 kilizivunja nyumba zilizokuwa zimesimama. Mzazi anayemwona mwanawe akifunga mizigo kwenda Guam au Marekani bara kutafuta kazi, akaambiwa jeshi litaleta ujenzi, ana haki ya kusikiliza. Tena vijana wengi wa visiwa hivi wanajiunga na jeshi hilohilo. Kwenye nyumba moja unaweza kukuta picha ya kijana aliyevaa sare ukutani na bango la kupinga viwanja vya shabaha nyuma ya mlango. Hakuna unafiki hapo. Wao ni raia wa Marekani tangu 1986, hawampigii kura rais wake, na mjumbe wao bungeni Washington hana kura ya mwisho kwenye sheria. Mikutano ile ya maoni ilikuwa mojawapo ya milango michache iliyokuwa wazi kwao.

Karatasi ya 1975

Baada ya vita visiwa hivi viliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikiwa mdhamini. Miaka ya 1970 mapema wajumbe wa visiwa na wa Washington wakakaa kujadili mustakabali. Ombi la kwanza la Marekani lilikuwa Tinian nzima, na San Jose ihamishwe. Watu wa Tinian walikataa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza walipaza sauti kuhusu jambo hili, miaka arobaini kabla ya mikutano ya 2015, na ilisaidia: ombi likashuka mpaka theluthi mbili, kijiji kikabaki.

Februari 1975 mkataba ukatiwa saini. Unaitwa Agano. Juni mwaka huo wenyeji wakaupigia kura, na karibu watu wanane kati ya kumi wakaukubali. Kwenye sura yake ya ardhi Marekani ilipata ekari 17,799 za Tinian, ekari 177 kwenye bandari ya Tanapag kule Saipan, na Farallon de Medinilla yote. Ni miaka 50, na Marekani ikitaka inaongeza 50 mingine bila malipo ya ziada. Bei ya Tinian ilikuwa dola milioni 17.5. Piga hesabu: ni dola 983 hivi kwa ekari. Gawanya kwa miaka 100, unapata chini ya dola 10 kwa ekari kwa mwaka. Hata ukiongeza marekebisho ya kupanda kwa bei yaliyofanywa kabla ya fedha kulipwa mwaka 1983, hufiki dola 20. Mpangaji amelipa kodi ya karne kwa mkupuo mmoja, na mwenye nyumba hana tena cha kumnyima.

Kisha kuna lugha ya Agano. Kuhusu ardhi hizo tatu inasema zinatolewa ili Marekani iweze kutimiza wajibu wake wa ulinzi. Neno ulinzi halina kuta. Waliopiga kura 1975 walikuwa wameambiwa kuhusu kambi, na kambi kwenye mawazo ya mtu wa kisiwani ni geti, hospitali, shule, duka, ajira. Kambi hiyo haikujengwa. Miaka ikapita ng'ombe wakala majani, na ardhi ya jeshi ikazoeleka kama ardhi tu. Ilipokuja rasimu ya mizinga na makombora, wazee wakasema hatukukubali hili. Nawaamini kwamba ndivyo walivyoelewa. Lakini mwanasheria wa serikali hahitaji kujua ulielewa nini. Anafungua ukurasa na kusoma neno ulinzi.

Pagan haimo kwenye orodha hiyo ya ardhi tatu, na kwangu hicho ndicho kiini cha kisa kizima. Ili kuipata, jeshi lingelazimika kuomba ardhi mpya, na kwa ardhi mpya Agano lina kifungu cha 806. Kifungu hicho kinasema Marekani itaendelea kutambua na kuheshimu uchache wa ardhi na umuhimu wake wa pekee kwa watu wa Mariana ya Kaskazini. Kwamba ikilazimika kupata ardhi zaidi itatafuta eneo dogo kabisa linalotosha, na haki ndogo kabisa inayotosha juu ya eneo hilo. Kisiwa kizima si eneo dogo kabisa. Mlango haukufungwa kabisa, kwa kuwa kifungu hicho kinaacha nafasi ya kutwaa kwa nguvu ya sheria ikishindikana kwa hiari, lakini hatua hiyo ingemlazimisha mtu Washington kutia saini, waziwazi, kuwanyang'anya raia wa Marekani kisiwa cha mababu zao. Mtu wa Pagan aliposimama kusema hapana, nyuma yake kulikuwa na maandishi. Mtu wa Tinian alisema hapana hiyohiyo akiwa juu ya ardhi ambayo baba yake alishaipangisha.

Mzigo uliotoka Okinawa

Kwa nini Marine walihitaji viwanja vipya? Kwa sababu walikuwa wanahamishwa. Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, kimebeba kambi nyingi za Marekani tangu 1945. Mwaka 1995 askari wa Marekani walimteka na kumbaka msichana wa miaka 12, na hasira ya watu wa Okinawa ikawatoa mitaani kwa makumi ya maelfu. Serikali mbili zikakaa, na mwaka 2006 zikakubaliana kuhamisha Marine 8,000 kwenda Guam. Mwaka 2012 hesabu ikabadilishwa: Guam ingepokea 5,000 hivi.

Guam nao wakasema. Rasimu yao ya Novemba 2009 ilikuwa na kurasa kama 11,000, wakapewa siku 90. Vijana walijigawia sura, wakasoma, wakakutana kuelezana. Uwanja wa shabaha ulikuwa umepangwa juu ya Pågat, kijiji cha kale cha Wachamorro chenye latte zake. Mwaka 2010 wakaenda mahakamani, na jeshi likakubali kuitathmini upya sehemu hiyo. Pågat ikapona. Uwanja ukahamishiwa karibu na Ritidian, kaskazini mwa Guam, ambako kuna watu wengine, makaburi mengine na kisima kingine.

Hapa lazima niseme jambo linaloniumiza. Okinawa walipaza sauti kwa haki kabisa, na sehemu ya mzigo wao ikaangukia Guam. Guam walipaza sauti, na mzigo ukasogezwa kaskazini zaidi, kwenye visiwa vyenye watu wachache na wapiga kelele wachache. Kila mmoja aliyeshinda kidogo alimwachia jirani. Hawana kosa, hawakuulizwa mzigo upelekwe wapi. Lakini ndiyo sababu sikubali kisa cha Tinian kihesabiwe peke yake, kama vile kilianza Tinian.

Mahakamani

Julai 2016 vikundi vinne, vikiwemo chama cha wanawake wa Tinian na walinzi wa Gani, vilifungua kesi dhidi ya jeshi la wanamaji kwenye mahakama ya shirikisho kule Saipan, vikitetewa na mawakili wa Earthjustice, shirika la kutetea mazingira mahakamani. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleza. Jeshi liliamua kuwahamishia Marine Guam likijua kwamba Guam haina nafasi ya mazoezi yote. Uamuzi wa 2010 wenyewe ulikuwa tayari umegusia viwanja vinne vidogo Tinian. Kwa hiyo uhamisho na viwanja vya Tinian na Pagan ni jambo moja, nalo lilipaswa kutathminiwa mara moja, pamoja na swali la kama Marine hao wangeweza kupelekwa kwingine kabisa.

Mwaka 2018 Jaji Ramona Manglona aliitupa kesi. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Kuhusu mahali pengine pa kuwapeleka Marine, ilisema uhamisho unatokana na makubaliano na Japani, na mahakama haiwezi kutoa nafuu kwa kuyavunja. Kuhusu kutathmini yote pamoja, ilisema kuhamia Guam kuna faida yake hata viwanja vya Tinian visipojengwa, na athari za pamoja zingeweza kuangaliwa kwenye tathmini ya baadaye.

Kisheria naelewa mantiki. Kwa mtu wa kawaida tazama inavyoonekana. Ukilalamikia uhamisho unaambiwa umeshaamuliwa na serikali mbili. Ukilalamikia viwanja unaambiwa bado havijaamuliwa, subiri. Mwaka 2019 likatiwa saini pango jingine, yaani mkataba wa kupangisha ardhi, dola milioni 21.9 kwa miaka 40, kwa ajili ya kituo cha dharura cha ndege za kivita kwenye uwanja wa ndege wa kiraia wa Tinian. Hilo lilikuwa na tathmini yake. Kisha jeshi la anga likaanza kufyeka vichaka North Field ili kufufua njia za zamani za ndege, na mwaka 2024 likatoa kandarasi ya zaidi ya dola milioni 400 kwa kazi hiyo. Kila kipande kina faili lake, mkutano wake na tarehe yake ya mwisho ya maoni. Hakuna siku hata moja ambapo mtu wa San Jose aliwekewa ramani moja yenye vyote mezani, akaulizwa: je, kisiwa chako kinaweza kubeba haya kwa pamoja? Sauti inaweza kushinda hoja moja baada ya nyingine na bado ikashindwa, ikiwa swali kubwa halikuletwa.

Juni 2025

Rasimu mpya ilipotoka, wenyeji waliisoma kwa jicho la pili. Pagan haimo. Mizinga, makombora na kupiga kutoka melini havimo. Kilichobaki Tinian ni uwanja wa shabaha wa risasi ndogo zaidi, eneo la mafunzo ya milipuko, sehemu za kutua helikopta, kambi na minara ya rada. Julai mikutano ikafanyika tena Saipan na Tinian.

Kupungua huko ni matunda ya kazi ya watu, na sitaki kuwapokonya. Matumbawe ya Unai Chulu hayakubaki salama kwa bahati. Watu walisoma, waliandika, walitoa ushahidi wa mahali, na baada ya maoni ya 2015 jeshi lenyewe lilisema litarudi kuiandika upya rasimu. Hata hivyo nikiweka visiwa viwili pamoja naona kwamba hoja za mazingira zilipunguza ukubwa wa mradi, na haki ya ardhi ndiyo iliyouzuia. Tinian walikuwa na ya kwanza peke yake. Ningekuwa nawashauri leo, nguvu nyingi ningezielekeza kwenye pango lenyewe: neno ulinzi linamaanisha nini, nani ana haki ya kupita mazoezi yakiwa hayapo, sehemu ya malisho itabaki mikononi mwa nani, na kwa maandishi gani. Pango la Tinian lilitiwa saini Januari 1983. Miaka 50 inakwisha Januari 2033, na kabla ya hapo kuna mtu Washington ataandika barua ya kuongeza miaka 50 mingine. Hahitaji idhini wala hahitaji kulipa, lakini itabidi aandike, na barua inayoandikwa inaweza kujadiliwa.

Pagan nako hakujakuwa kijiji. Kuna njia ya ndege iliyojengwa na Wajapani, na lava ya 1981 bado imelala juu ya sehemu yake. Familia zinazotaka kurudi zinahitaji gati, maji, redio na mahali pa kukimbilia mlima ukianza tena kufuka. Hayo yote hayana tathmini wala mkutano wa hadhara, na boti inayokwenda kaskazini bado inategemea hali ya bahari na nani amepata mafuta.